Nairobi Huendewa Kinyume na Wenyeji

Mgeni anayeshuka kwenye treni ya Mombasa pale Syokimau huuliza kwanza mtaa wa Karen uko kilomita ngapi. Swali lenye manufaa zaidi ni saa ngapi, na unaelekea upande gani. Ngong Road ile ile inayokuchukua nusu saa asubuhi ukitoka mjini inaweza kukulia saa mbili nzima jioni, ukiwa umebanwa katikati ya watu wanaorudi makwao.

Chanzo chake ni cha zamani. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, wajenzi walipiga kambi kwenye uwanda huu wenye majimaji kwa kuwa mbele yao kulikuwa na miinuko ya kuelekea Bonde la Ufa. Ndiyo maana katikati ya jiji ni tambarare na inatembeleka: kutoka Msikiti wa Jamia hadi jumba la mikutano la KICC ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Lakini vuka Uhuru Highway kuelekea magharibi uone ardhi inavyopanda na kukatika. Ni mgongo, kijito, kisha mgongo tena. Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo ni vijito vinavyopita huko Kilimani na Kileleshwa, na wengi wanaoishi kando yake hawavijui kwa majina. Barabara kuu zilifuata migongo hiyo: Waiyaki Way ikaenda Kangemi na Kikuyu, Ngong Road ikaenda Dagoretti Corner na Karen. Za kukata mabonde ni chache, na zilizopo hujaa upesi. Kwa hiyo usipange Westlands na Karen siku moja, hata kama kwenye ramani zinaonekana majirani.

Halafu kuna ajira. Ofisi nyingi ziko mjini na Upper Hill, kwa hivyo kuanzia saa moja asubuhi magari yanamiminika kuingia, na kuanzia saa kumi na moja jioni yanamiminika kutoka. Mgeni aliyelala katikati ya jiji ana bahati kuliko mwenyeji: anatoka wenzake wakiingia, anarudi wenzake wakitoka. Ukilala Karen utakuwa umeitupa bahati hiyo, pamoja na pesa nyingi.

Siku ya kwanza ningeitoa kwa tao, yaani katikati ya jiji, nikianza na paa la KICC. Jengo hilo, lililobuniwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei pamoja na David Mutiso na kufunguliwa mwaka 1973, lina kiingilio chake, na kinalipa. Asubuhi isiyo na mawingu unaiona Milima ya Ngong yote, na unaelewa kwa macho jinsi barabara zinavyopanda. Julai usijisumbue: mawingu hutanda hadi adhuhuri, na baridi ile huwashangaza watu wa pwani. Beba sweta.

Ukiuliza njia, taja alama, usitaje nambari ya jengo. Watu wataendelea kukuelekeza “pale Hilton” ingawa hoteli hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2022, na Odeon ni steji ingawa sinema yenyewe ilikwisha zamani. Archives, yaani jengo la Nyaraka za Taifa lililo mkabala na sanamu ya Tom Mboya, ndipo watu wengi wanapokutana. Na usidanganywe na majina: mtaa wa Nairobi West hauko magharibi, uko kusini karibu na uwanja wa ndege wa Wilson.

Kwa matatu, shika nambari: 46 ni Kawangware, 111 ni Ngong, 24 ni Karen kupitia Lang'ata. Uliza nauli kabla ya kukaa, kwa sababu hupanda jioni na hupanda tena mvua ikianza. Kamagera, yule mpiga debe wa stejini, atakuambia kimebaki kiti kimoja. Angalia waliokaa: pengine watatu kati yao wamekodiwa kujaza gari, na watashuka mmoja mmoja kadiri abiria wa kweli wanavyoingia. Si hatari, ni kupotezewa muda tu. Hatari iko dirishani. Gari likisimama kwenye foleni na kioo kiko wazi, simu inanyakuliwa kabla hujamaliza kusoma ujumbe, kwa hivyo kaa upande wa njia au funga kioo.

Ukiwa Ngong Road, shuka steji ya Adams uingie soko la Toi kwa mitumba, ukiwa na noti ndogo ndogo. M-Pesa inapokelewa, lakini bei hushuka upesi pesa ikionekana mkononi. Sigara usiivute barabarani, kwani ina sehemu zake maalumu na askari wa kaunti wanawatambua wageni.

Na ikinyesha saa kumi jioni, usikimbilie steji. Ingia Kenyatta Market, agiza nusu kilo ya nyama choma na ugali, ungoje hadi saa mbili usiku. Foleni itakuwa imepungua, na nauli pia.