Barabara Haiui kwa Magurudumu Peke Yake

Msafiri anayetoka Chalinze kwenda Morogoro hupita Ubena Zomozi akiona malori, vibanda vya biashara na mashamba. Asichokiona ni kwamba yuko katikati ya njia ya wanyama. Kaskazini kwake kuna Wami-Mbiki, eneo lililoanza kuhifadhiwa na vijiji 24 na baadaye likapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Ukifuata Mto Wami hadi baharini unafika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kusini na magharibi ziko Hifadhi za Taifa za Mikumi na Nyerere. Mwaka 2009, Tim Caro na wenzake walipokusanya taarifa za shoroba, yaani njia za wanyamapori, Tanzania, Wami-Mbiki ilionekana kama kiungo: palipo na ushoroba, mnyama wa pwani anaweza kukutana na mnyama wa bara.

Sasa tuangalie kilichowekwa katikati. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907. Ikafuata barabara kuu, ikapigwa lami, na magari yakaongezeka mwaka hadi mwaka. Juni 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa mwendo unaoweza kufika kilomita 160 kwa saa. Kila mradi ulipangwa peke yake, lakini mnyama huikuta yote kwa mpigo.

Wataalamu wa ikolojia hutenganisha madhara ya aina tatu. La kwanza ni kifo cha kugongwa. La pili ni kizuizi: mnyama hagongwi, ila anaogopa kuvuka. La tatu huchukua vizazi: kundi lililozingirwa huzaana lenyewe kwa lenyewe, na likipatwa na ukame au ugonjwa hakuna wageni wa kuliongezea damu.

Vifo ndivyo rahisi kuhesabu, ingawa navyo vina mtego. Katika Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara ya kwenda Zambia inapita ndani ya hifadhi, Carlos Drews alichapisha mwaka 1995 utafiti wa wanyama waliogongwa, wakiwamo nyani. Kazi ya namna hii huanza alfajiri. Gari huenda polepole, mtu mmoja akitazama upande wa kushoto na mwingine wa kulia. Wakiona mzoga wanashuka, wanaandika aina ya mnyama, saa na mahali, kisha wanauondoa ili kesho usihesabiwe tena. Wakichelewa, fisi na tai huwa wamekwishawatangulia. Tena mnyama aliyejeruhiwa akaenda kufia porini hayumo kwenye daftari. Kwa hiyo idadi inayoandikwa huwa ndogo kuliko idadi ya waliokufa.

Kizuizi hakiachi mzoga. Ili kukiona, watafiti huwafunga wanyama visukuma mawimbi shingoni na kufuatilia nyendo zao kwa setilaiti. Stephen Blake na wenzake walifanya hivyo kwa tembo 28 wa misitu ya Bonde la Kongo, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, ni tembo mmoja tu aliyevuka barabara, na alivuka kwa mwendo mara 14 ya ule wake wa kawaida. Hao wengine hawakugongwa na gari lolote. Barabara ilikwishawanyang'anya nchi iliyo ng'ambo.

Madhara kwa makazi ya wanyama hayaishi kwa kutangaza hifadhi tu. Mkwaja, upande wa kaskazini wa Saadani, palikuwa na ranchi ya ng'ombe kwa takriban nusu karne hadi mwaka 2000, kisha eneo likaingizwa hifadhini. Watafiti Mathias Tobler, Roland Cochard, Peter Edwards na Anna Treydte walikuta alama za mifugo bado zimo ardhini: mimea ya karibu na maboma ilitofautiana na ya mbali, na vichaka vya mgunga vilikuwa vimevamia mbuga za nyasi. Ng'ombe kuondoka na tangazo la hifadhi kutoka gazetini havitoshi kurudisha nyasi wala wanyama walao nyasi.

Dawa ya kizuizi cha barabara na reli ipo, na haihitaji kuzuia maendeleo. Kwenye reli ya Mombasa–Nairobi inayopita Tsavo, nchini Kenya, vilijengwa vivuko vya chini. Mwaka 2016 ndovu kumi walifungwa visukuma mawimbi ili nyendo zao zifuatiliwe. Kwetu, katika Bonde la Kilombero, wakulima walilipwa fidia wakaachia ardhi, uzio ukawekwa kuwaongoza tembo, na kivuko kikajengwa chini ya barabara ya Kidatu–Ifakara kuunganisha Milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere. Lakini kivuko kina masharti: kiwe pale wanyama walipozoea kupita, kiwe kipana, na pande zake zote mbili zisigeuzwe mashamba wala viwanja. Kivuko kinachotokea uani kwa mtu ni hasara ya saruji.

Ndiyo maana kipimo muhimu kuliko vyote ni kile kinachochukuliwa kabla ya katapila la kwanza kufika. Bila takwimu za kabla, hakuna awezaye kusema mradi umeharibu nini au umeokoa nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na inawapa wananchi nafasi ya kusikilizwa. Mkutano wa tathmini ukiitishwa kijijini kwako, nenda. Waambie wataalamu tembo hupita wapi masika na wapi kiangazi, na hakikisha maneno yako yameandikwa. Kuhamisha kivuko kwenye ramani ni kazi ya kalamu. Kukihamisha baada ya lami kukauka ni mabilioni, na aghalabu hakihamishwi.