'No Escape': Mkasa wa filamu ambao Pangani iliuona mwaka 1888

Na Mwandishi Wetu, Tanga

BABA amesimama ukingoni mwa paa la hoteli, mikononi amembeba binti yake. Ng'ambo ya pengo, juu ya paa la jengo la jirani, mama amenyoosha mikono kumpokea. Nyuma yao watu wenye mapanga na bunduki wanakaribia. Baba anahesabu, anafumba macho, na kumrusha mtoto hewani.

Mtu aliyeitazama filamu ya No Escape aweza kusahau majina ya wahusika, lakini hawezi kusahau tukio hilo. Filamu hiyo ya Kimarekani, iliyoongozwa na John Erick Dowdle, ilianza kuoneshwa Agosti 2015. Dowdle aliiandika pamoja na nduguye, Drew.

Kisa chenyewe si kirefu. Mhandisi Jack Dwyer, nafasi iliyochezwa na Owen Wilson, anahamia nchi moja ya Asia akiwa na mkewe Annie na mabinti zao wawili. Amepata kazi katika kampuni ya kigeni ya maji. Kabla hajaripoti kazini, waziri mkuu wa nchi hiyo anauawa, mji unawaka moto, na waasi wanapita hoteli moja baada ya nyingine wakiwasaka wageni.

Kuanzia hapo ni mbio tu. Familia inaruka mapaa, inajificha katikati ya maiti, inajifunika nguo za wenyeji na kupita juu ya pikipiki katikati ya umati. Inafika ubalozi wa Marekani na kuukuta umekwisha kuvamiwa. Anayewasaidia ni Hammond, mzee wa Kiingereza anayechezwa na Pierce Brosnan, ambaye kumbe si mtalii kama alivyojionesha.

Kama burudani, filamu hiyo inatimiza kazi yake. Mtazamaji hapumui. Ila kuna swali ambalo filamu inalijibu kwa haraka mno, nalo ndilo lililomfanya mwandishi wa makala haya, mkazi wa mwambao huu, airejee mara ya pili: watu hawa wamekasirishwa na nini?

Jibu limo katika maneno machache ya Hammond. Anamweleza Jack kuwa kazi ya watu wa aina yake ni kuziingiza nchi maskini katika madeni ambayo haziwezi kuyalipa, na nchi ikishakwama, kampuni za kwao zinakuja kuchukua mali. Safari hii mali yenyewe ni maji, na kampuni ni ile ile iliyomwajiri Jack. Maelezo hayo yakiisha, risasi zinaendelea, na hakuna anayeyarudia tena.

Waasi hawana majina. Maneno yao hayatafsiriwi, hata pale wanapozungumza kwa kirefu. Nchi yenyewe haitajwi jina, ingawa picha zilipigwa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Kambodia iliizuia filamu hiyo baada ya kubainika kuwa maandishi yaliyokuwa kwenye ngao za askari wa kutuliza ghasia yalikuwa herufi za Kikhmer zilizopinduliwa juu chini. Mtu anayegeuza herufi za wenzake namna hiyo ametaka tu zionekane ngeni, na hakufikiri kwamba wenye kuzisoma nao wangekwenda sinema.

Sasa tuiache Asia, tuje Pangani, mwendo mfupi kusini mwa mji wa Tanga. Hapo, miaka 127 kabla ya filamu hiyo, palitokea mkasa unaofanana nayo kwa namna ya kushangaza: kampuni ya kigeni, mkataba uliotiwa saini na mtawala aliye mbali, wageni waliozingirwa ndani ya nyumba, na mji uliochoka.

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar, ambaye alikuwa na wiki chache tu kwenye kiti baada ya kifo cha nduguye Barghash, aliikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa forodha wa pwani yote kutoka mto Umba hadi mto Ruvuma. Muda wa mkataba ulikuwa miaka 50. Majumbe wa miji ya Mrima, ambao kwa vizazi walikuwa wakipokea ada kwa kila msafara uliotoka bara, hawakuulizwa.

Kampuni ilianza kazi katikati ya Agosti mwaka huo. Ilikuja na kodi mpya na kanuni za kuandikisha ardhi, na ilitaka bendera yake ipepee pamoja na ile ya Sultani. Mahali pengine jambo hilo lilipita kwa manung'uniko. Pangani halikupita.

Mwakilishi wa kampuni mjini humo alikuwa Emil von Zelewski, mwanajeshi kijana mwenye hasira za karibu. Liwali wa Pangani alipokataa kumtii, Zelewski aliita manowari. Askari wa majini waliteremshwa wakati mji uko katika Idd el Hajj, wakamsaka liwali nyumbani kwake na hadi msikitini. Vitabu vya historia na masimulizi ya pwani hueleza kuwa waliingia na viatu, na kwamba hata mbwa aliingizwa. Bendera ya Sultani iliondolewa.

Manowari ikaondoka. Zelewski na wenzake wachache wakabaki.

Yaliyofuata yanafaa kabisa kwa filamu. Mwanzoni mwa Septemba watu walimiminika mjini: wenyeji wa Pangani, majumbe na watu wao, Wazigua kutoka vijijini na watu wa misafara. Wajerumani wakafungiwa ndani ya nyumba yao, bila chombo cha kuondokea. Sultani ilimbidi amtume kamanda wa jeshi lake, Mwingereza Lloyd Mathews, akawatoe na kuwapeleka Zanzibar. Aliwatoa, lakini umati ukamgeuka yeye pia, naye akalazimika kuondoka. Hasira za Pangani hazikuwa juu ya Mzungu peke yake. Zilimhusu pia Sultani aliyeikodisha nchi isiyokuwa yake peke yake.

Siku zile zile hapa Tanga mashua ya manowari ya Kijerumani ilifyatuliwa risasi ilipokaribia ufukweni, na mji ukapigwa mizinga. Kilwa Kivinje, mwishoni mwa Septemba, mkasa uliishia pabaya zaidi: watumishi wawili wa kampuni walizingirwa katika nyumba yao na kuuawa. Hakuna Mathews aliyewahi kufika.

Kisha wapo wasafiri wawili ambao hawakuwa na habari ya mkataba wowote. Hans Meyer, Mjerumani, na Oscar Baumann, kutoka Austria, walikuwa Usambara wakielekea Kilimanjaro. Habari za vita zilipofika, wapagazi wao walitawanyika. Wawili hao wakageuza njia kurudi Pangani, wakidhani wanakimbilia kwenye usalama. Walikamatwa njiani, wakatiwa minyororo na kufikishwa mbele ya mtu aliyekuwa amekwisha kuwa kiongozi wa vita vile, Abushiri bin Salim al-Harthi.

Abushiri alikuwa mwenye mashamba ya miwa katika bonde la mto Pangani. Mwarabu wa pwani aliyezaliwa huku huku, hakuwa mpenzi wa ukoo wa Sultani hata kabla Wajerumani hawajafika. Mateka wake aliwauza, kwa maana ya kwamba aliwaachia kwa fidia ya maelfu ya rupia iliyopatikana kwa wafanyabiashara wa Zanzibar. Alikuwa anafanya hesabu za vita, ambazo zinahitaji baruti na chakula.

Wakati huo huo Charles Smythies, askofu wa misheni ya Waingereza iliyokuwa na kituo Magila, alipita katika mji wa Pangani wenye ghadhabu chini ya ulinzi wa Abushiri huyo huyo. Lakini Januari 1889 kituo cha wamisionari Wajerumani cha Pugu kilivamiwa, baadhi yao wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Vita haikuwa na uso mmoja, na mtu aliyetaka kujua nani angepona alipaswa kuuliza ametoka wapi, amekuja kwa nani na anamjua nani. No Escape haina nafasi ya maswali hayo. Wenyeji wema wamo, akiwamo dereva wa teksi anayejiita Kenny Rogers, lakini wema wao ni wa kuwahudumia Wamarekani wafike waendako.

Pangani ina bahati moja ambayo nchi isiyo na jina ya filamu haina: upande wa pili uliandikwa. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni na mtunzi wa eneo hili la Tanga, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, akivitazama vita kutoka ufukweni, si kutoka kwenye manowari. Ndani yake Wadachi ndio wanaoingia kutoka baharini, wenyeji wana majina na hoja, na msomaji hahitaji Mwingereza wa kumweleza kilichotokea. Ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wengi wa mjini wanaojua kila filamu ya vita iliyotoka hawajawahi kuushika utenzi huo.

Mwisho wa vita unajulikana. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na jeshi lenye askari wa Kisudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Pangani na Tanga zilitekwa Julai 1889. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kampuni haikurudishiwa utawala kama ilivyokuwa; tarehe 1 Januari 1891 Serikali ya Ujerumani iliichukua nchi yenyewe.

Msomaji aweza kusema kuwa hayo ni ya kale. Basi tutazame la karibu, tena linalohusu maji yenyewe.

Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni ya City Water, ubia wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mwekezaji wa nyumbani. Mkataba ulikuwa wa miaka 10. Ubinafsishaji huo ulikuwa miongoni mwa masharti yaliyofungamana na msamaha wa madeni ya Tanzania. Ukiyasikia tena maneno ya Hammond hapo, utaona kuwa mwandishi wa filamu hakuokota kisa hewani.

Mei 2005 Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, Edward Lowassa, alitangaza kuuvunja mkataba kwa maelezo kuwa kampuni imeshindwa kazi. Siku chache baadaye maofisa watatu wa juu wa kampuni hiyo walikamatwa na kutiwa ndani ya ndege kurejeshwa kwao. Hakuna aliyeruka paa. Mgogoro ulikwenda kwenye mabaraza ya usuluhishi, na Julai 2008 lile linaloambatana na Benki ya Dunia liliamua kuwa Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa mwekezaji, lakini halikumpa mwekezaji fidia hata senti moja.

Iko sehemu ya filamu, hata hivyo, ambayo mtu wa mwambao huu hawezi kuitazama kwa kejeli. Ni sehemu ya mwisho. Familia inapata mtumbwi, inaingia mtoni usiku na kuelekea mpaka wa Vietnam. Wamarekani, ambao nchi yao ilipigana Vietnam kwa miaka mingi, wanaomba hifadhi Vietnam, na walinzi wa mpaka wanawapokea.

Januari 2001, baada ya maandamano ya Pemba kukabiliwa kwa risasi na watu kuuawa, zaidi ya watu 2,000 walivuka mkondo wa Pemba kwa mashua hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Watanzania, ambao nchi yao ilikuwa imezoea kupokea wakimbizi wa wengine, wakawa wakimbizi. Walivuka bahari ambayo wavuvi wa Tanga wanaijua kwa upepo wake, katika vyombo ambavyo siku nyingine hubeba samaki na karafuu.

Na wapo waliokwama ugenini hasa, kama akina Dwyer. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Watanzania takriban 200, wengi wao wanafunzi, walijikuta katikati ya mji unaopigwa mabomu. Uwanja wa ndege ulikuwa umegeuka uwanja wa vita. Walitolewa kwa mabasi, safari ndefu ya barabara hadi mpaka wa Ethiopia, na kutoka Addis Ababa ndege ya Air Tanzania ikawaleta Dar es Salaam mwishoni mwa mwezi huo. Kilichowaokoa ni orodha ya majina ubalozini, mabasi yenye mafuta na njia iliyokuwa bado wazi. Mambo hayo hayapendezi kwenye sinema, lakini mzazi mwenye mtoto ughaibuni angefanya vyema kumuuliza leo kama jina lake limo katika orodha ya ubalozi.

Tukirudi kwa wale wa 1888, Zelewski hakujifunza. Alirejea na jeshi, akapewa kikosi, na Agosti 1891 akauawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo, akiwa kiongozi wa msafara uliokwenda kuwaadhibu. Baumann aliendelea na safari zake, na mwaka 1892 akawa Mzungu wa kwanza kuiona Ngorongoro. Meyer hakukata tamaa na mlima wake. Mwaka uliofuata baada ya kufunguliwa minyororo alirudi Afrika Mashariki, na tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kileleni Kibo. Safari hiyo aliianzia Mombasa, si Pangani.