Mchuuzi wa baiskeli, usirudi barabarani kabla mguu haujawa tayari

Kabla ya saa 12 asubuhi, mitaa inayolizunguka Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam huwa tayari imejaa baiskeli. Nyingine zimebeba trei za mayai zilizofungwa kwa mipira ya tyubu, nyingine mikate, nazi au matenga ya kuku. Jina la eneo hili lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kubeba mizigo bado ni kazi inayolisha maelfu ya familia katika mitaa hii.

Mfugaji wa kuku wa mayai wa Kibaha, Mkuranga au Chanika mara nyingi hamfahamu mwenye kibanda cha chipsi wa Ilala au Magomeni. Anayewaunganisha ni mchuuzi wa baiskeli. Huyu akigongwa na bodaboda na kuvunjika mguu, au akilazwa kwa kifua kikuu, mayai ya mfugaji yanakosa njia, mwenye kibanda anatafuta mtu mwingine, na deni la mali kauli linabaki bila mlipaji.

Swali ambalo mgonjwa hujiuliza kitandani ni moja: lini nitarudi barabarani? Wengi hulijibu kwa kuangalia njaa ya nyumbani badala ya hali ya mguu. Makala haya yanaangalia pande zote mbili, kwa sababu hazitenganishiki.

Hesabu ya haraka na subira

Tuchukue mfano wa mchuuzi anayebeba trei 30 kwa siku, siku sita kwa wiki. Tuseme ananunua trei kwa Sh8,000 na kupata faida ya Sh500. Mtaji wake wa mzunguko ni Sh240,000 na faida yake ni Sh15,000 kwa siku, sawa na Sh90,000 kwa wiki. Nyumbani kwake wanatumia Sh10,000 kila siku.

Mfupa wa muundi ukivunjika, kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi minne kuunga, na kwa wengine zaidi, hasa wavutaji wa sigara na wenye kisukari. Katika mfano wetu, mtaji wa Sh240,000 ukianza kuliwa kwa Sh10,000 kwa siku, utakwisha siku ya 24, na hapo hatujagusa gharama za matibabu. Kwa maneno mengine, mtaji hufa kabla ya mwezi mmoja, wakati mguu unahitaji wiki 16. Hiki ndicho chanzo cha watu kupanda baiskeli bado wanachechemea.

Hata hivyo, haraka nayo ina bei. Mchuuzi akirudi wiki ya nane badala ya wiki ya 16, atakuwa ameokoa wiki nane, yaani Sh720,000. Lakini mguu ukivunjika tena, anaanza upya wiki 16, sawa na Sh1,440,000, mbali na gharama ya upasuaji ambao huenda ukahitajika. Anachoweza kupoteza ni mara mbili ya anachotarajia kupata. Hakuna mfanyabiashara makini anayeingia katika biashara ya namna hiyo akiwa ameijua hesabu yake.

Kukanyaga pedali si kipimo

Wagonjwa wengi huchanganywa na jambo moja. Katika mazoezi ya viungo hospitalini, mtu aliyevunjika mguu anaweza kupandishwa kwenye baiskeli ya mazoezi mapema. Anarudi nyumbani akiamini kwamba kama ameweza kukanyaga pale, ataweza pia Mtaa wa Msimbazi.

Hizo ni kazi mbili tofauti. Ukiwa umekaa kwenye kiti, uzito mkubwa wa mwili unabebwa na kiti, si mguu. Baiskeli ya mazoezi haianguki na haina mzigo. Barabarani, hatari kubwa ipo wakati wa kusimama ghafla. Yai moja lina uzito wa gramu 60 hivi, kwa hiyo trei ya mayai 30 ni karibu kilo 1.8, na trei 30 ni kilo 54. Bodaboda ikikukatisha mbele, utashusha mguu mmoja chini, na mguu huo ndio utakaozuia mwili wako, baiskeli na kilo 54 visilale upande. Huwezi kuchagua uwe ule mzima.

Kwa hiyo kipimo cha nyumbani kabla ya kumuuliza daktari ni hiki: je, unatembea bila kuchechemea? Unapanda na kushuka ngazi bila kushikilia? Unaweza kusimama kwa mguu ulioumia peke yake bila maumivu? Kama jibu ni hapana katika swali lolote, bado. Kama ni ndiyo, nenda kliniki uliyopangiwa, iwe Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili au hospitali nyingine, mfupa uangaliwe kwa picha. Mwambie daktari waziwazi kwamba kazi yako ni kubeba mzigo kwa baiskeli na utaje kilo. Ukisema tu "nafanya biashara", atadhani unakaa dukani.

Rudi kwa awamu

Ukishapata ruhusa, anza na baiskeli tupu, asubuhi ya Jumapili wakati mitaa haina msongamano. Fanya mazoezi ya kusimama na kushusha mguu mara nyingi kuliko mazoezi ya kwenda mbali. Wiki inayofuata beba trei 10, ambazo ni kilo 18, kwa siku moja na kupumzika siku inayofuata. Kisha trei 20, na baadaye 30. Kanuni ni rahisi: mguu ukiamka umevimba au unauma kuliko jana, rudi awamu ya nyuma.

Baiskeli nayo imekuwa mgonjwa. Iliyokaa miezi minne huwa na tairi zilizopasuka pembeni, mnyororo wenye kutu na mipira ya breki iliyokauka. Ipeleke kwa fundi kabla ya mzigo wa kwanza. Kiti kisiwe chini mno, kwani goti linalokunjwa sana kila mzunguko litauma; pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Mzigo mzito ukae chini na usawa pande zote.

Kwa aliyetoka kwenye ugonjwa badala ya kuvunjika, awamu ni zilezile lakini adui ni mwingine. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita na dawa hutolewa bure. Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache na kudhani wamepona. Kurudi kazini kwa ruhusa ya daktari ni sawa; kuacha dawa kwa sababu ya kukimbilia soko ni hatari kwako na kwa walio karibu nawe. Aliyepungukiwa damu naye akisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, ashuke na kurudi kituo cha afya.

Mali yako ni njia ya wateja

Je, familia itakula nini katika wiki hizo 16? Hapa ndipo akili ya biashara inapohitajika. Mali kubwa ya mchuuzi si baiskeli. Ni orodha ya vibanda vinavyomngoja kila asubuhi, na orodha hiyo inaweza kufanya kazi wakati mwenyewe ana plasta.

Tafuta kijana mwaminifu, ndugu au jirani, apite njia yako. Katika mfano wetu, mpe Sh300 kwa kila trei na wewe ubaki na Sh200. Kwa trei 30 utapata Sh6,000 kwa siku, au Sh36,000 kwa wiki. Hiyo ni zaidi ya nusu ya Sh70,000 zinazohitajika nyumbani, na wateja hawajahama. Kazi yako iwe simu: kupokea oda, kufuatilia madeni na kuandika daftari. Utakapoanza na trei 10, kijana aendelee na zile 20, mpaka utakapozimudu zote.

Mpigie pia mfugaji siku za mwanzo kabisa. Anayeelezwa mapema anaweza kukubali kulipwa kidogo kidogo. Anayesikia habari zako sokoni ataona umemkimbia.

Haki ambazo wengi huziacha

Kama uligongwa na chombo cha moto, sheria inakitaka kiwe na bima kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa. Toa taarifa polisi, chukua fomu ya PF3, andika namba ya chombo na tunza kila risiti ya matibabu. Madai hupelekwa kwa kampuni iliyokikatia bima chombo hicho, na mkishindwana, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Makubaliano ya harakaharaka barabarani kwa noti chache mara nyingi humwacha majeruhi na mzigo wote.

Ikumbukwe pia kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kupokea michango mwaka 2015, ni kwa ajili ya walioajiriwa. Mchuuzi anayejitegemea hayumo. Ngao yake ni bima ya afya, kikundi na akiba. Vikundi vingi vya VICOBA vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Uliza masharti yake ukiwa bado mzima.

Anayeweka Sh500 kila siku ya kazi, ambayo ni faida ya trei moja, atakuwa na Sh156,000 baada ya mwaka. Hazitoshi wiki 16, lakini pamoja na Sh36,000 za kila wiki kutoka kwa kijana, zinaziba zaidi ya wiki nne za pengo la chakula, na wiki hizo nne mtaji haujaguswa. Anza na trei ya kesho.