Safari ya Ng'ambo: Usimfiche Daktari Hali Yako



Familia inapoitwa kupimwa afya kwa ajili ya kwenda kuishi ng'ambo, furaha huingia nyumbani pamoja na hofu. Swali linaloulizwa sana ni hili: "Daktari akijua nina ugonjwa huu, si jina langu litafutwa?" Kwa hofu hiyo wako wanaoficha kikohozi, wanaonyamaza kuhusu mimba, na hata wanaoacha dawa zao za kila siku ili zisionekane kwenye mzigo. Makala hii inaeleza kwa nini kuficha kunaweza kuleta madhara makubwa, na jinsi familia inavyoweza kujitayarisha kwa safari ndefu.

VIPIMO NI VYA NINI?

Kabla ya safari kila mtu katika familia huonwa na daktari, hata mtoto mchanga. Mara nyingi kazi hii hufanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM). Utaulizwa magonjwa uliyowahi kuugua na dawa unazokunywa, utachunguzwa mwili, utatolewa damu, na watu wazima hupigwa picha ya kifua. Kila nchi ina kanuni zake kuhusu vipimo.

Daktari anayekupima si yeye anayeamua nani aende. Uamuzi huo ni wa serikali ya nchi inayokupokea. Kazi ya daktari ni kutafuta magonjwa ya kuambukiza ambayo lazima yatibiwe kwanza, na kujua ni msaada gani utakaouhitaji njiani na utakapofika. Vipimo, chanjo na dawa hizi mkimbizi halipii. Mtu yeyote akikuomba pesa ili "akusafishie majibu", huyo ni tapeli. Toa taarifa.

KIKOHOZI NA KIFUA KIKUU

Tuchukue mfano wa baba anayekohoa kwa wiki tano. Anakunywa dawa ya maji ya kikohozi aliyoinunua dukani, na kwa daktari anasema yeye ni mzima. Picha ya kifua inaonyesha doa. Sasa lazima apimwe makohozi, na kipimo cha kuotesha vijidudu peke yake huweza kuchukua hadi wiki nane. Kumbe kama angekwenda kituo cha afya kikohozi kilipofika wiki ya pili, angekuwa ameshaanza dawa, na mke na watoto wangekuwa wameshachunguzwa.

Kifua kikuu hupona. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Mtu akigundulika, safari husogezwa mbele mpaka amalize dawa na makohozi yaonyeshe kuwa ni salama. Ni kuchelewa, na kuchelewa kunauma, lakini si mwisho wa safari. Ndani ya ndege watu hukaa wamebanana kwa saa nyingi. Anayeficha ugonjwa huu anawahatarisha kwanza wale waliokaa karibu naye, nao ni watoto wake mwenyewe.

WANAOISHI NA VIRUSI VYA UKIMWI

Zamani Marekani ilikuwa na kizuizi kwa watu wenye VVU, na habari hiyo bado inazunguka kambini. Kizuizi hicho kiliondolewa tarehe 4 Januari 2010. Usiache dawa kwa sababu ya maneno ya zamani. Ukiacha, virusi huzaliana upya, na dawa iliyokuwa ikikusaidia inaweza kushindwa. Siri yako inalindwa. Mweleze daktari mkiwa wawili tu, na uliza kanuni ya nchi unayokwenda.

MIMBA, KIFAFA NA SELI MUNDU

Hali hizi tatu tunazitaja pamoja kwa sababu kuzificha kunaweza kumdhuru mtu siku hiyohiyo.

Mimba: Chanjo ya surua haipewi mama mjamzito, na picha ya kifua kwake huhitaji kinga ya tumbo. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari baada ya wiki 28, na hayampokei mama baada ya wiki 36. Kwa mimba ya mapacha kikomo huja mapema zaidi. Mama akisema mapema, tarehe inaweza kupangwa vizuri. Akisema uwanjani, familia nzima inaweza kurudishwa.

Kifafa: Kutegemea nchi mnayokwenda, siku chache kabla ya ndege mnaweza kupewa dawa za malaria, za minyoo na za kichocho. Baadhi ya dawa hizo, kama praziquantel, zinaweza kumletea degedege mtu mwenye mabuu ya minyoo ya nguruwe kichwani. Kwa hiyo kila aliyewahi kuanguka kifafa lazima aseme kabla hajameza. Vilevile, aliyewahi kuishi katika misitu ya Kongo aseme hivyo. Huko kuna mdudu wa jicho, anayeitwa Loa loa, na mwenye wadudu hao wengi mwilini anaweza kudhurika vibaya akimeza ivermectin.

Seli mundu na upungufu wa damu: Hewa ndani ya ndege ni nyepesi, kama ya mlima wenye urefu wa karibu mita 2,000 au zaidi. Mtu mzima hahisi kitu. Mwenye seli mundu, upungufu mkubwa wa damu, au ugonjwa wa moyo au mapafu anaweza kuishiwa pumzi. Daktari akijua, anaweza kupanga oksijeni au mhudumu wa kusafiri naye.

NJIANI NA NDANI YA NDEGE

Safari huanza kwa basi. Kutoka Nakivale, kwa mfano, mtapita Mbarara hadi Kampala, kisha Entebbe. Watoto wengi hutapika. Wape chakula kidogo walichokizoea, na beba mifuko ya plastiki na nguo moja ya kubadilisha.

Kutoka Entebbe hadi Ulaya ndege huchukua kama saa 8. Kuvuka bahari ya Atlantiki ni saa nyingine 8 au zaidi. Kumbukeni haya:

1. Kunyweni maji. Hewa ya ndege ni kavu sana. Wako wanaokataa kunywa kwa kuogopa choo cha ndege. Choo hicho ni salama: funga mlango kwa komeo, ukimaliza bonyeza kitufe. Kelele unayosikia ni ya hewa inayovuta uchafu.

2. Msikae bila kujinyoosha. Damu ikisimama miguuni kwa saa nyingi inaweza kuganda. Kila baada ya saa moja au mbili zungusha vifundo vya miguu, na taa ya mkanda ikizimwa simama utembee kidogo. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, au pumzi ikikatika ghafla, mwite mhudumu wa ndege mara moja. Dalili hizi zinaweza kuja hata siku kadhaa baada ya kufika.

3. Masikio yakiuma wakati wa kupanda na kushuka, meza mate au tafuna kitu. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati huo.

4. Ukijisikia vibaya, sema. Kama hujui lugha, gusa mahali panapouma na onyesha mfuko wako wa IOM.

MFUKO WA IOM NA DAWA ZAKO

Ule mfuko wa plastiki wenye herufi za IOM una karatasi za safari pamoja na taarifa za afya na chanjo. Usiuweke kwenye mzigo mkubwa, usimpe mtu akushikie, na usifungue bahasha iliyofungwa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano itunze vizuri. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabika kwa maisha yote.

Dawa zako zikae mkononi, ndani ya pakiti zake zenye jina lako. Omba za mwezi mmoja angalau, maana kumwona daktari wa kwanza kule huchukua muda. Insulini isiwekwe kwenye mzigo wa chini ya ndege, kwani inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Mwenye kisukari aulize mapema jinsi ya kupanga sindano na chakula njiani.

Saa nazo hubadilika. Toronto iko nyuma ya Uganda kwa saa 7 au 8 kutegemea majira. Mama anayekunywa ARV saa tatu usiku hapa, kule muda huohuo utakuwa saa nane au saa saba mchana. Njia rahisi ni kuacha saa au simu moja ionyeshe saa za Uganda, na kufuata hiyo mpaka mfike. Baadaye mhudumu wa afya wa kule atakusaidia kuhamisha muda.

SAFARI IKIAHIRISHWA

Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshapewa tarehe ya ndege zikabaki. Wengine walikuwa wameuza vyandarua, masufuria na magodoro. Hakuna anayeweza kukuahidi tarehe, kwa hiyo ishi kama mkazi mpaka siku ya kupanda basi. Lala ndani ya chandarua, mpeleke mtoto chanjo zake, na usikatishe dawa. Vipimo vina muda wake, miezi michache au mwaka kutegemea nchi, na vikipita vitarudiwa. Ikiwa umepata ugonjwa, mimba au mtoto baada ya kupimwa, toa taarifa mara moja.

Kusubiri kwa miaka kunachosha moyo. Ukiona hulali, huli, au huoni maana ya kuishi, usikae nayo peke yako. Njoo kituo cha afya, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Basi ukiitwa kupimwa, njoo na dawa zako zote, kadi zako zote, na useme yote. Daktari anayejua ukweli ndiye anayeweza kukufikisha salama.

Tunawatakia safari njema wanaokwenda, na afya njema wanaobaki.