Black Mamba Kuukuu, Fremu Mpya ya Kuegemea

Baiskeli ya kuegemea, ambayo mwendeshaji huketi mgongo ukiegemea kiti na miguu ikikanyaga mbele yake, si ngeni duniani. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda moja jijini Paris akapita kilomita 45 kwa saa moja. Mwaka uliofuata wakuu wa mbio za baiskeli wakaikataa. Kisumu haihitaji mbio hizo. Inahitaji baiskeli isiyoumiza kiuno na viganja kwenye safari ndefu za tambarare ya Kano, na naamini fundi wa jua kali anayechomelea mageti na mikokoteni anaweza kuiunda, mradi asijaribu kutengeneza kila kitu.

Sehemu zisizovumilia kosa ni tatu: bomba fupi lenye hesi linaloshika ekseli ya pedali, bomba la mbele linaloshika uma, na pembetatu ya nyuma inayobeba gurudumu. Zote zimo tayari ndani ya baiskeli kuukuu ya Black Mamba, zikatwe humo. Ila msumeno upite mbali na viungo, kwa sababu kwa kawaida vimeungwa kwa shaba, na shaba ikichomwa pamoja na chuma kwa umeme, kiungo hupasuka. Masalia ya shaba hiyo yasagwe mpaka chuma king'ae. Kati ya sehemu hizo hupita bomba moja refu, na hapo ndipo wengi hukimbilia bomba zito. Wanakosea: ukiongeza upana wa bomba mara mbili bila kunenepesha ukuta wake, uzito huongezeka mara mbili tu, lakini ugumu wa kupinda huongezeka karibu mara nane.

Wapo watakaosema kiti cha chini kitamficha mwendeshaji mbele ya matatu za Kondele. Ni kweli kwa fremu za mbio. Yetu iwe na kiti chenye kimo cha kiti cha mezani, macho yalingane na ya dereva wa gari dogo. Mashimo na mlima wa Riat ni hoja nzito zaidi, kwani huwezi kunyanyuka kitini. Kiti kilichosukwa kwa mipira ya tyubu kitapunguza mtikisiko, lakini mlima unadai gia nyepesi, nayo Black Mamba ina gia moja. Abiria pia hana pa kukaa, kwa hiyo mwenye boda boda asiiguse. Wewe wa Ahero au Kadibo, ambaye njia yako ni tambarare, anza kwa kutafuta Black Mamba iliyotupwa ambayo pembetatu yake ya nyuma haijapinda.