Gesi ya Rungwe na hesabu ya presha

Lupepo, Ikama na maeneo mengine ya Wilaya ya Rungwe yamo katika ukanda wa volkano. Mlima Kyejo, wenye kimo cha mita 2,176, ulitoa lava mara ya mwisho karibu na mwaka 1800, na miamba ya eneo hilo bado inatoa gesi ya ukaa kwa wingi. Gesi hiyo haiwaki. Kampuni ya TOL Gases huivuna Ikama kwa ajili ya wateja kama viwanda vya vinywaji. Hata hivyo, kanuni za kuivuna ni zile zile zinazotawala visima vya gesi asilia na mafuta.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kisima hakisimami peke yake. Gesi hutoka kwenye vinyweleo vya mwamba, hupanda ndani ya bomba la kisima, hupita kwenye valvu ya mdomoni, kisha huingia katika chombo cha kutenganisha maji, kompresa na mtambo wa kuipoza. Presha ya mwamba ndiyo mtaji wa safari nzima, na kila hatua hula sehemu yake. Kuboresha uzalishaji ni kutafuta hatua inayokula presha kupita kiasi na kuanza na hiyo. Kununua kompresa kubwa hakusaidii kitu ikiwa kinachobana ni bomba lililoziba kisimani.

Wahandisi huifanya hesabu hiyo kwa kulinganisha pande mbili. Upande wa mwamba, gesi hutoka kwa wingi zaidi kadiri presha ya chini ya kisima inavyoshuka. Upande wa bomba, gesi ikizidi wingi, msuguano nao huongezeka, hivyo presha kubwa zaidi huhitajika chini ili kuisukuma juu. Kisima hutulia kwenye kiwango ambacho pande hizo mbili zinakubaliana. Ili kukibadilisha ni lazima kugusa upande mmojawapo: kusafisha mwamba unaozunguka kisima, kubadili bomba, au kupunguza presha inayoisubiri gesi mdomoni.

Upana wa bomba unaonyesha kwa nini kikubwa si lazima kiwe bora. Bomba jembamba huongeza msuguano. Bomba pana mno huifanya gesi ipande polepole, ishindwe kubeba matone ya maji. Maji hayo hurudi chini, hujikusanya na kuukandamiza mwamba, hadi kisima chenye gesi tele kinanyamaza. Wakati mwingine tiba yake ni kuingiza bomba jembamba zaidi ili mwendo wa gesi uongezeke.

Gesi ya ukaa ina matata yake. Ikikutana na maji hutengeneza asidi inayokula chuma, ndiyo maana hukaushwa mapema au hupitishwa kwenye mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Presha inaposhuka, maji yenye madini huacha chokaa inayopunguza upenyo wa bomba. Tena, gesi inayotanuka ghafla kwenye valvu hupoa sana. Ikiwa kimiminika, kisha presha ikashuka chini ya takribani mara 5 ya ile ya hewa ya kawaida, sehemu yake hugeuka barafu kavu na kuweza kuziba njia. Kwa hiyo presha hushushwa kwa awamu, na panapohitajika gesi hupashwa moto kwanza. Uvujaji nao ni hasara na hatari pia: gesi hii ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, hivyo hutuama mabondeni na kuua kimyakimya.

Kwingineko nchini Tanzania hesabu ni ile ile. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Presha ya visima ilipopungua kadiri miaka ilivyopita, kompresa ziliwekwa mwaka 2022 ili gesi iendelee kuingia mtamboni kwa presha inayotakiwa. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, linafanya kazi tangu mwaka 1968. Adui wake mkubwa ni milima: kwa dizeli, kila mita 100 za kupanda hula presha ya takribani mara 8 ya ile ya hewa ya kawaida, ndiyo maana vituo vya pampu hupangwa njiani.

Kazi yenyewe huanza kwa vipimo. Kisima hufungwa hadi presha itulie, kisha hufunguliwa hatua kwa hatua huku presha, gesi na maji vikiandikwa. Kiwango bora huwa chini ya kile cha juu kabisa, kwa kuwa kisima kinachovutwa kwa nguvu huweza kuleta maji na mchanga mapema na kufupisha maisha yake. Na kwa kuwa presha ya mwamba hubadilika, hesabu ya mwaka huu haitoshi kwa mwaka ujao. Vipimo hurudiwa maadamu kisima kinazalisha.