Vinara wa zizi: ng'ombe walioweka rekodi, na nafasi ya zebu wa Arua

Kwa Walugbara wa Arua na Wakakwa wa Koboko nchini Uganda, ng'ombe ni mahari, akiba ya nyumba na samadi ya shamba. Wengi wao ni zebu wadogo wenye nundu na pembe fupi. Tuwapange mstari mmoja na vinara wa dunia.

Maziwa mengi. Mwaka 2017, Holstein wa Wisconsin, Marekani, aitwaye Selz-Pralle Aftershock 3918, alitoa zaidi ya kilo 35,000 za maziwa kwa siku 365. Zebu akiisha kunyonyesha ndama hubakiza lita moja au mbili kwa siku, lakini hula majani ya porini tu.

Uzito mkubwa. Donetto, dume wa Chianina wa Italia, alifika kilo 1,740 mwaka 1955. Huo ni uzito wa zebu watano na zaidi.

Pembe nene. Rekodi hii asili yake ni kwetu Maziwa Makuu. CT Woodie, dume wa ukoo wa Ankole, alipimwa Marekani mwaka 2004: mzingo wa pembe yake ulikuwa sentimita 103.5.

Umri mrefu. Big Bertha wa Ireland alikufa mwaka 1993 akikaribia miaka 49, amezaa ndama 39.

Tumbo la ajabu. Hapa wote ni washindi. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na cha kwanza, kwa ng'ombe mkubwa, hubeba zaidi ya lita 100. Humo vijidudu huvunjavunja majani makavu ambayo mtu hawezi kuyameng'enya. Mnyama hucheua, nasi tunapata maziwa na nyama.

Ushindi mkubwa wa tiba. Ugonjwa wa sotoka uliangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890. Chanjo ya Walter Plowright na wenzake, iliyotengenezwa Muguga, Kenya, ilibadili mambo. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomezwa, ugonjwa wa kwanza wa mifugo kufikia hapo.

Adui mdogo, madhara makubwa. Mbung'o wa kando ya mito ya Arua na Koboko huwapa watu malale na ng'ombe nagana. Vitambaa vidogo vya bluu vilivyotiwa dawa, vilivyosimikwa kando ya mito, vimepunguza sana mbung'o hao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya gambiense si tatizo tena la afya ya umma Uganda.

Ustahimilivu. Taji hili ni la zebu. Jua, kupe na uhaba wa malisho, ambavyo humwangusha ng'ombe wa damu ya Ulaya, yeye huvihimili.

Mfugaji wa Arua, ukitaka maziwa zaidi, pandisha na damu ya Ulaya kwa kiasi. Lakini dume wako bora wa kienyeji usimpeleke mnadani: mbegu yake ikipotea, hakuna pesa itakayoirudisha.